Mguu wa Kulia wa Mzee Iddy

Jumamosi, 14 Septemba

Msimu wa harusi umefunguliwa leo, na joto halikukubali kubaki nyuma. Tumemchukua bibi harusi Area D, tukampeleka kanisani, kisha ukumbini. Pikipiki zetu tatu: Mzee Iddy mbele, Brighton ubavuni, mimi nyuma ya gari la maharusi.

Wanaotuona barabarani wanadhani tunafaidi. Makoti meusi, glavu nyeupe, injini za cc elfu moja na mia tatu. Hawajui kwamba pikipiki kubwa namna hii imetengenezwa kukimbia. Ikikimbia, upepo unapita kwenye rejeta na injini inapumua. Sisi tunaitembeza kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, kwa sababu mpiga video yuko juu ya pikapu na mashangazi wa bibi harusi wanataka kucheza kandokando. Feni ya rejeta ikiwaka inakupulizia moto kwenye mapaja. Ni kama umekumbatia jiko la mkaa na huruhusiwi kuliachia kwa sababu unapigwa picha.

Tulipofika ukumbini nilivua glavu, vidole vimevimba. Mzee Iddy alikuwa bado yuko kwenye siti, miguu imebana injini, ametulia kama yuko sebuleni kwake.

"Mzee, wewe huungui?"

"Joto ukiliwaza ndiyo linakuunguza, binti. Mimi silisikii."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, baada ya mimi kuchoka kupokea simu ofisini kwa watu. Ni mtu wa Kondoa, ameshapita hamsini, na zamani alipeleka nyaraka za kampuni ya barabara kwa pikipiki kubwa nchi nzima. Nikiwa nyuma yake huwa natazama mgongo wake tu, na mimi nanyooka. Natamani kuwa na moyo kama ule.

Jumanne, 17 Septemba

Bomba halijatoa maji. Joto lile lile.

Jumamosi, 21 Septemba

Kabla ya msafara Mzee Iddy ametukusanya mimi na Brighton chini ya turubai la Madam Cecilia. Madam ndiye mwenye pikipiki, na viti, na mahema, na mapambo yote. Mzee akatupa somo kama mwalimu wa zamu.

"Fulana ya ndani iloweke, ikamue, ivae mbichi chini ya koti. Hewa ya Dodoma ni kavu, itayanyonya maji na wewe utapoa. Kitambaa chenye maji shingoni. Suruali ya nailoni marufuku, inayeyukia mwilini. Vaa jinzi nzito na soksi ndefu za pamba. Magoti yatoe nje, usiikumbatie injini kama mchumba. Msafara ukisimama, zima. Na usingoje kiu ndipo unywe."

Brighton, ambaye hawezi kukaa kimya, akauliza, "Mbona wewe mzee huloweki fulana? Na magoti umebana?"

"Mimi na injini tumeshazoeana."

Tumefanya alivyosema. Fulana ilikauka kabla hatujafika kanisani, lakini kile kipande cha njia kilikuwa raha. Nimejaza chupa ya pili, nikajimwagia shingoni pale getini. Bibi mmoja akaniambia, "We mtoto, unaoga hadharani?"

Jumamosi, 28 Septemba

Brighton ameungua. Alikuwa anashuka, suruali ikapanda, shavu la mguu likagusa ekzosi. Alipiga ukelele mpaka bwana harusi akageuka. Mzee Iddy alicheka hadi machozi. "Kijana umekuwa mshikaki!"

Mimi pia nilicheka. Halafu nikaona suruali ya Mzee Iddy mwenyewe ina doa la kahawia upande wa kulia, mahali pale pale, kitambaa kimekunjamana kama kilichopigwa pasi ya moto.

"Na wewe je, hilo nini?"

"Oili," akasema, akaomba maji. Anakunywa maji siku hizi kama tenki lililotoboka, na kila tukisimama anatafuta choo. Tunamtania. Anasema ni joto.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Mvumi. Shamba limeshasafishwa, mbegu iko tayari, mawingu hakuna. Akauliza, "Huko mjini je?" Nikamwambia huku tuna mawingu ya vumbi. Hakucheka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika hata kabla sijavua koti.

Leo tulisimama muda mrefu kwenye geti la ukumbi, jua liko utosini. Matarumbeta yalikuwa yamegoma kuingia mpaka mkwe atoe zawadi. Mimi na Brighton tulizima injini. Mzee Iddy hakuzima, akisema wakati wowote tutaondoka. Nilikuwa nimesimama karibu naye, upande wake wa kulia.

Nikasikia harufu. Kwanza nikadhani ni klachi. Kisha nikadhani wapishi wanaunguza manyoya ya mbuzi. Nikageuka huku na huku, halafu nikatazama chini. Suruali yake ilikuwa imegandana na injini, na kimoshi chembamba kinapanda.

"Mzee! Mguu!"

Akanitazama mimi, si mguu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa njia.

"Mguu upi?"

Sitasahau alivyouliza. Mguu upi. Niliunyakua mwenyewe, nikauvuta kutoka kwenye injini, na kitambaa kikabaki pale pale kikiendelea kuungua.

Tulikwenda nyuma ya ukumbi, kwenye tenki la maji. Nikamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamvua buti. Soksi ilikataa kutoka. Nikaimwagia maji, ikatoka na ngozi. Chini ya kidonda cha leo kulikuwa na kidonda kingine, na pembeni yake makovu, mengine meusi, mengine ya waridi, kama ramani. Kwenye unyayo kulikuwa na tundu ambalo hata injini haikuhusika nalo.

"Hauumi?"

"Hauumi."

"Tangu lini hauumi?"

Ndani matarumbeta yalikuwa yameanza, na vigelegele.

"Nina sukari," akasema. "Miaka sasa. Kliniki nilikuwa nakwenda, nikaacha. Foleni, na mwenyewe najiona mzima. Halafu mwaka jana miguu ikaanza kuwa kama nimevaa soksi ambayo haivuliki. Ilianzia vidoleni. Sasa imefika hapa." Akaweka kiganja katikati ya shavu la mguu.

Nilianza kupiga hesabu ya mambo niliyoyaona na kuyaita kwa majina mengine. Maji anayokunywa. Doa la oili. Kisha nikakumbuka jambo moja, nikasikia baridi juani.

"Mzee, breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia."

"Najua."

"Unajuaje kama umeikanyaga?"

"Huwa nachungulia."

Kweli, huwa anachungulia. Kila tunapokaribia kusimama anainamisha kichwa kidogo, upande. Nilidhani ni maringo. Nilikuwa nimeanza kumwiga.

"Usimwambie Cecilia," akasema. Hakuwa anaamrisha. Mzee Iddy alikuwa ananiomba mimi, amekaa juu ya ndoo. "Evelina, mwanangu. Pikipiki ndiyo kitu ambacho bado nakiweza."

"Basi twende hospitali sasa hivi."

"Jumatatu."

Akavaa buti bila soksi, akaenda kumaliza kazi.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nimekwenda kwake Chang'ombe. Yeye alikuwa ametoka. Mkewe, Mama Hasani, alinikaribisha kwa adabu, akaniletea chai, akakaa mkekani na kuendelea kuchambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini. Ni mwanamke wa maneno machache, na mimi sijawahi kumpenda sana.

"Mama, umeuona mguu wa mzee?"

"Nimeuona."

"Sasa?"

"Namsafisha usiku akilala. Mchana ananificha."

"Lakini mama, huwezi kumlazimisha aende hospitali?"

"Mimi ni mke wake, si askari wake."

Akaendelea na mchele. Nimerudi nyumbani nimekasirika. Nilidhani ningekuta mtu wa kulia naye.

Jumatano, 16 Oktoba

Jumatatu hakwenda. Amenunua dawa ya kupaka dukani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemwambia Madam Cecilia. Niliona bora Mzee Iddy anichukie kuliko siku moja breki imkose na mbele yake kuna watoto wanaorusha maua.

Madam si mtu mbaya. Alishtuka kweli, akaweka simu chini. Akamwita.

"Mzee Iddy, nasikia unaumwa mguu."

Mzee Iddy alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka kile kicheko chake kikubwa, akatembea toka kwenye hema mpaka getini na kurudi, akapiga buti chini kama askari wa gwaride, akapanda pikipiki, akazunguka uwanja kwa mkono mmoja.

"Mguu gani huu unaoumwa, Madam?"

Madam akanigeukia. "Evelina, ni mtu mzima. Anasema yuko sawa. Na Novemba yote imejaa, ninyi wawili peke yenu mtanifanyia nini?"

Tulipokuwa tunaloweka fulana, Mzee Iddy alikuja kusimama karibu nami, akasema polepole, Brighton asisikie:

"Nilikufundisha kuendesha. Sikukufundisha kunichunga."

Jumamosi, 26 Oktoba

Hasemi nami. Barabarani ananipa ishara za mkono tu, kwa sababu hizo ni za kazi.

Mimi na Brighton tumemwendea fundi, akatukatia bati la aluminiamu, tukalifunga ubavuni mwa injini yake kwa vipande vya waya, na nguo nzito ya kuzuia moto katikati. Tumelijaribu: injini ikichemka unaweza kuweka kiganja pale na kuhesabu hadi kumi bila kuungua. Mzee Iddy alipofika aliliona. Alilipapasa. Nilidhani atalibandua. Akawasha, akaondoka nalo. Hakusema asante na sikuitaka.

Kwa hiyo injini haimchomi tena. Lakini kidonda kiko ndani ya buti, na buti ndiyo jiko sasa. Harufu inakuja hata pikipiki ikiwa imepoa.

Jumamosi, 2 Novemba

Harusi mbili. Joto. Kimya.

Jumanne, 5 Novemba

Mama amepiga. Anasema hata kivuli kina joto. Jirani yake amepanda kavu kavu kwa kubahatisha, yeye bado anasubiri. "Nifanye nini?" akaniuliza. Watu wote wananiuliza maswali ambayo hata mimi nayauliza.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo ulikuwa msiba. Mwalimu mstaafu, mtu aliyependwa, wanafunzi wake wa zamani wamekuja kutoka kila mkoa. Msafara wa msiba ndio mbaya kuliko yote kwa injini, kwa sababu kwaya inatembea kwa miguu na huwezi kuipita. Tulitambaa. Mshale wa joto kwangu ulikuwa kwenye nyekundu, feni haizimi, na ile fulana mbichi ilikauka kabla wimbo wa pili haujaisha.

Mzee Iddy alikuwa mbele yangu safari hii, nyuma kidogo ya kwaya. Tangu asubuhi alikuwa anatetemeka. Nilimwona akivaa koti, meno yanagongana, na jua lile. Nilimwambia, "Mzee una homa, shuka." Akapita kama hajasikia.

Karibu na makaburi barabara inateremka. Kwaya ikasimama ghafla ili waliobeba jeneza wabadilishane. Nikaona Mzee Iddy anainamisha kichwa, upande ule. Anatafuta mguu wake. Mguu ulikuwa umeteleza, uko chini ya pedeli. Akainua kichwa, na migongo ya kwaya ilikuwa hapo mbele yake, majoho ya buluu, hakuna aliyegeuka. Nilipiga honi. Nilipiga kelele pia, lakini ndani ya helmeti nilijisikia mwenyewe tu.

Akakata kona kuelekea mtaroni na kukaba breki ya mkono. Pikipiki ile kubwa ikalala upande wa kulia, juu yake.

Nilikimbia. Wanaume walikuwa wameshafika, wanashika na kuachia, wanashika na kuachia, kwa sababu chuma kilikuwa cha moto. Akina mama wakavua khanga zao na vitenge, tukazungushia mikononi, ndipo tukaweza kuinua. Muda wote huo Mzee Iddy alikuwa amelala chini yake, mguu uko katikati ya injini na zege la mtaro, bati letu limekunjika kama karatasi, na yeye anatutazama kwa utulivu.

"Taratibu," akasema. "Msiichubue rangi."

Mzee mmoja wa kwaya akatikisa kichwa. "Huyu ni mwanaume. Hata kuugulia haugulii!"

Watu wakaitikia, ndiyo, ni jasiri, ni jasiri. Nilitaka kuwapigia kelele wanyamaze. Mzee Iddy akanitazama mimi. Ndiyo mara ya kwanza kuniangalia tangu siku ile niliyomwambia Madam. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni, yanaingia masikioni, na si kwa maumivu, kwa sababu maumivu hayakuwepo.

"Nimegonga mtu?" akauliza.

"Hapana, mzee. Hujagonga mtu."

Jumapili, 10 Novemba

Hospitali. Daktari ni dada mdogo kuliko mimi labda, Dokta Anna. Hakuzunguka. Amesema mguu umevunjika na umeungua, lakini hilo si baya kuliko lile lililokuwa ndani yake kabla. Usaha umefika kwenye mfupa. Sukari iko juu mno. Akatwe chini ya goti, mapema.

Mzee Iddy akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema hapana.

Jumanne, 12 Novemba

Wodini kuna feni moja inayozunguka kama inatufanyia hisani. Nimelowesha kitambaa, nimemwekea shingoni. Hakukitoa.

"Mzee, Dokta anasema sasa ni chini ya goti. Ukichelewa ni juu ya goti. Ukichelewa zaidi..."

"Zaidi nini?"

"Unajua."

"Sema wewe."

"Utakufa."

"Haya, umesema. Sasa kunywa chai, Mama Hasani ameleta."

Mama Hasani alikuwa amesimama dirishani, amekunja mikono ndani ya mtandio. Nilimtazama ili aniunge mkono. Alikuwa anatazama nje.

"Mimi nimeishi kwa miguu hii," Mzee Iddy akasema. "Mtu wa pikipiki bila mguu ni nani? Nikae mlangoni nihesabu wapita njia? Kama ni kufa, nife mzima."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yote yalikuwa ya mtu mwenye miguu miwili. Nimekunywa chai.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua imekuja. Kubwa, ya mara moja, bati lote linapiga makofi, watoto wa jirani wametoka uchi barabarani. Mama amepiga simu kutoka Mvumi, anacheka, anasema kesho wanapanda. Nimefurahi kwa ajili yake.

Nimekwenda wodini nikiwa nimelowa. Nikamwambia Mzee Iddy mvua inanyesha. Akasema, "Ninaisikia." Hapana, hajabadili mawazo.

Jumamosi, 16 Novemba

Kitanda kitupu. Limetandikwa shuka jipya. Muuguzi amesema kaka zake wamekuja asubuhi na gari, wamemchukua kumpeleka Kondoa. Alijitoa mwenyewe, ana akili zake timamu, na sheria hairuhusu kumfunga mtu kitandani.

Nilimuuliza, "Na mke wake?"

"Alipanda nao. Alikuwa amebeba mto."

Nilikaa kwenye kile kitanda mpaka wakaleta mgonjwa mwingine.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwenda Kondoa kwa pikipiki yake. Fundi alikuwa ameinyoosha, na Madam Cecilia hakuniuliza naipeleka wapi. Baada ya mvua njia ilikuwa na ubaridi. Nilikimbia, upepo ukapita kwenye rejeta, mshale ukakaa chini kabisa, miguu yangu ikapoa. Kwa mara ya kwanza msimu huu mwili wangu ulistarehe barabarani. Nilijisikia vibaya kwa kustarehe.

Wamemlaza chumba cha mbele kwa kaka yake. Mguu umefungwa majani na asali. Harufu inakupokea uani kabla hujapiga hodi. Amekonda, macho yamekuwa makubwa.

"Umekuja na ile?"

"Ndiyo mzee. Pikipiki yako."

"Iwashe."

Niliisogeza chini ya dirisha, nikaiwasha. Watoto wa nyumba wakakusanyika. Nikarudi chumbani nikamkuta amefumba macho, anasikiliza, kidole kimeinuka kidogo. Adhana ya adhuhuri ikaanza msikitini, nikakimbia kuizima.

"Feni inachelewa kuwaka," akasema. "Waambie waiangalie. Itakuunguza."

Hapo nikapiga magoti. Sikuona haya, mbele ya kaka zake. Nikamwambia mzee, nakuomba, turudi, gari nitatafuta, mimi nitakuja kila siku, nitakusukuma, nitafanya chochote. Akaniwekea mkono kichwani, mkono wa moto kuliko ekzosi.

"Mwanangu," akasema, "nenda kabla jua halijazama."

Uani Mama Hasani alikuwa anafua shuka zake. Maji ya beseni yalikuwa yamebadilika rangi. Hakuinua kichwa.

"Yule daktari binti bado yupo?"

"Yupo."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Nipe."

Nikamwandikia. Akaifunga kwenye pembe ya khanga, akarudi kwenye shuka.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama Hasani amenipigia alfajiri, kwa sauti ile ile ya chini. Mzee hajui majina ya watu. Anaweweseka, anataja gia. Amekodi gari, wako njiani. Shemeji zake walisimama mlangoni, akawaambia kama wanataka kumzuia basi wamzike yeye kwanza, na wachimbe kaburi pana.

Nimewakuta kwenye benchi la hospitali. Sasa ni juu ya goti, Dokta Anna amesema, na hata hivyo hana ahadi. Akaleta karatasi. Mgonjwa hawezi kujisemea, kwa hiyo ni mke.

Sijui kwa nini nilisema. Mimi niliyepiga magoti Jumatatu! Lakini kalamu ilipokuwa mkononi mwake nikaogopa.

"Mama, yeye alisema hapana."

"Alisema," akajibu. "Nilimsikia vizuri kuliko wewe. Nimekuwa nikimsikia miaka yote." Akatazama ile karatasi. "Nilingoja akubali mwenyewe, ili asije akaniona nimemnyang'anya. Nilingoja sana. Nimemngoja mpaka goti limepotea."

Akaandika jina lake lote, herufi moja moja. Halafu akalia, bila sauti, mtandio umeziba mdomo, na mimi nilimshika bega na sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Nilidhani huyu mama hana moyo. Nimeandika humu humu kwamba sijawahi kumpenda.

Jumamosi, 23 Novemba

Mahafali, ukumbi wa Chimwaga. Mimi ndiye niliyekaa mbele. Joto limerudi kama mvua haijawahi kunyesha. Madam akasema, "Evelina, tabasamu, ni sherehe."

Jumatatu, 25 Novemba

Amekatwa Alhamisi ile ile. Yuko hai. Hajaamka sawasawa. Anapapasa shuka.

Alhamisi, 28 Novemba

Ameamka jana jioni. Leo nimefika wakati wa chakula cha mchana nikaona macho yake yamerudi mahali pake, yanajua watu. Alikuwa ameshapapasa. Shuka lilikuwa limelala bapa upande wa kulia na yeye amelikazia macho.

"Nani alisema ndiyo?" akauliza. Aliniuliza mimi.

Nilifungua mdomo. Mama Hasani akatangulia, akiwa amesimama palepale kando ya kitanda na chupa ya uji.

"Mimi."

Mzee Iddy hakupiga kelele. Heri angepiga. Aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo.

"Mzee," nikaanza, "ulikuwa hujitambui, na Dokta—"

"Mwache," Mama Hasani akaniambia. Akavuta stuli, akaketi upande wa mgongo wa mumewe, akazungumza na ule mgongo. "Nichukie, Baba Hasani. Una haki. Hata usiseme nami mpaka uzeeni. Lakini nichukie ukiwa hai."

Akamimina uji kwenye kikombe, akaupuliza, akaushika hivyo, mkono umenyooka, mpaka nikaona mkono unachoka. Nikaupokea mimi. Nikamzungukia mzee upande wa ukutani, nikajibana katikati ya kitanda na ukuta, nikampa kijiko. Nilidhani atafunga mdomo. Akameza.

Akameza cha pili. Kisha akasema, kwa ukali, macho kwangu:

"Mwambie uji hauna sukari."

Mama Hasani yuko nyuma yake, umbali wa mkono. Nikamtazama juu ya bega lake.

"Mama, anasema uji hauna sukari."

"Mwambie sukari asahau."

"Mzee, anasema sukari usahau."

"Mwambie basi hata ndimu."

"Mama, anaomba ndimu."

Akafungua kikapu, akatoa ndimu, akaikata, akanipitishia nusu juu ya mgongo wa mumewe bila kumgusa. Nikaikamulia kwenye kikombe. Hivyo ndivyo tulivyoendelea, mimi nimebanwa na ukuta, nikipeleka maneno kwenda na kurudi kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa, mpaka uji ukaisha.